Niliyempiga kwa Chupa ya Chai Alikuwa Mume Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu wenzangu kazini nilipowasimulia walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na mimi nikacheka nao, halafu nikaenda chooni nikalia, sasa hata sijui hiki kitu ni cha kuchekesha au ni cha kutisha.

Mimi nafanya kazi katika chumba cha dobi cha hoteli, napiga pasi mashuka na vitambaa vya meza, na tangu nihamishiwe zamu ya jioni tunatoka usiku mkubwa, magari ya abiria yameshakwisha, kwa hiyo natembea. Mpaka kwenye duka la dawa naongozana na mwenzangu tunayemwita Mama Pacha, ambaye mdomo wake peke yake unatosha kumfukuza mwizi, halafu yeye anakata kushoto na mimi naendelea peke yangu kwa barabara yenye taa mpaka nyumbani, na siku zote nilikuwa nafika salama, sina cha kulalamika.

Sasa mwezi uliopita nikaanza kusikia vishindo vya miguu nyuma yangu, nikisimama vinasimama, nikikaza mwendo vinakaza, nikigeuka naona mtu mwenye koti la kofia anajibanza kwenye ukuta. Nikamwambia mume wangu, yeye ni fundi wa majokofu, tuna miaka mitatu ya ndoa na hajawahi kuninyanyulia mkono. Nilimwambia huku nalia, naye akaniketisha kitandani akanikanda miguu maana ilikuwa inatetemeka, akasema, "Huo ni woga wako tu, mke wangu. Hakuna mtu. Lakini ukiona unashindwa, si uache tu hiyo kazi?" Kazi yangu naipenda, na pia ndiyo inayolipa kodi ya nyumba miezi ambayo majokofu ya watu hayaharibiki.

Basi nikaona nibadilishe njia, nikawa napita uchochoro ulio nyuma ya karakana ya mbao, ambako taa hakuna, nikijua atanipoteza, lakini wapi, yule mtu akaingia na huko huko. Kila nikifika nyumbani namkuta mume wangu amelala, shuka mpaka kidevuni, paji la uso limelowa jasho. Mimi nikadhani ana homa! Mshauri, nilikuwa nampa dawa ya homa, na yeye anameza.

Usiku wa juzi nikasema liwalo na liwe. Nikajibanza kwenye mlango wa karakana, nimeshika ile chupa yangu kubwa ya chai ninayokwenda nayo kazini, na yule mtu alipofika usawa wangu nikaishusha kwa nguvu zote za mtu anayepiga pasi kutwa. Akaanguka chini anapiga kelele, "Jamani, ni mimi! Ni mimi, mke wangu!" Chupa ilipasuka ndani, chai ikammwagikia shingoni, bahati ilikuwa imeshapoa, na mimi nikasimama pale bila kujua nimkumbatie au nikimbie.

Alivyojieleza ni kwamba alikuwa ananilinda. Anasema alikuwa ananifuata kutoka kwenye duka la dawa mpaka karibu na nyumbani, halafu anakata kwa nyuma, anaingia kwa mlango wa jikoni na kujilaza. Nikamuuliza kwa nini hakutembea na mimi, akasema wenzake anaopiga nao soga pale kwa kinyozi wangemcheka kuwa anamsindikiza mke kama mtoto wa shule.

Mama mkwe ameona uvimbe kwenye paji la mwanawe na sasa haniangalii usoni. Anasema, "Wenzako waume zao saa hizo wanakoroma. Wako anatoka kwenye blanketi kwa ajili yako, malipo yake ndiyo hayo?" Ameitisha kikao cha familia Jumapili ili nimwombe mume wangu radhi mbele ya wakubwa, na wanataka hapo hapo niseme nimeacha kazi. Dada yangu naye kanipigia simu, anasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Huyo alikuwa hakulindi, alikuwa anakupeleleza." Nikiongea na mama mkwe namuona mume wangu mwema, nikiongea na dada namuona nyoka, na nikibaki peke yangu simuoni kabisa, naona lile koti tu.

Na tangu siku hiyo, akiamka usiku kwenda kunywa maji, nasikia miguu yake kwenye korido na moyo unanipasuka kama niko uchochoroni. Ni mume wangu, nampenda, na namuogopa. Je, niombe radhi? Niache kazi? Au ni mimi ndiye mwenye matatizo? Naomba unijibu kabla ya Jumapili.

Ni mimi niliyevunja chupa.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Nitasema kweli: nimecheka mara moja tu, kwenye dawa ya homa, na hata hapo kicheko kiliniishia kooni.

Nianze na kukugombeza ili tumalizane. Uliacha barabara yenye taa ukaingia uchochoroni ili kumkimbia mtu? Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Halafu ukajificha kumsubiri, umeshika chupa ya chai! Angekuwa jambazi kweli, na kisu chake, leo barua hii angeniandikia dada yako. Ukihisi unafuatwa, nenda kwenye taa na kwenye watu. Rudi kwenye duka la dawa, simama na mlinzi wake, gonga nyumba yoyote yenye mwanga, piga kelele ya moto na si ya mwizi, maana kwa mwizi watu hufunga milango na kwa moto hufungua. Usione haya. Haya haijawahi kumfikisha mtu nyumbani.

Sasa tuje kwa bwana wa majokofu. Mama mkwe anasema mlinzi, dada anasema mpelelezi, na wewe unataka nichague. Sichagui, kwa sababu mimi simo moyoni mwake na hao wawili pia hawamo. Inawezekana kabisa alikuogopea na akaona aibu, wanaume wengi wangekubali kufa kuliko kuchekwa pale kwa kinyozi. Hilo naweza kulisamehe.

Lakini katikati ya barua yako kuna jambo umeliandika haraka haraka ukalipita, na mimi limenikwama. Ni ile siku uliyolia. Ulikaa kitandani, amekushika miguu inayotetemeka, na alijua fika ni miguu ya nani iliyoitetemesha. Neno moja tu lilikuwa linatosha: "Ni mimi." Hakulisema. Badala yake akakwambia hakuna mtu, kisha akakuonyesha mlango wa kuachia kazi. Kesho yake akavaa koti akarudi nyuma yako, na alipokuona unaingia gizani kwa kumkimbia yeye, bado akanyamaza. Hapo mwanangu ndipo penye kidonda, si kwenye paji la uso. Kwa hiyo acha kujiuliza kama una matatizo. Masikio yako yalikuwa mazima kuliko ya wote hapo nyumbani.

Jumapili nenda kwenye kikao, vaa vizuri, salimia wakubwa. Uvimbe uombee radhi, maana hukukusudia kumuumiza mumeo. Kujihami usikuombee radhi hata kama mama mkwe atalia. Kazi usiache. Mambo ya kodi ya nyumba hayaamuliwi na watu waliokuja kupima uvimbe.

Kisha mgeukie mumeo, mbele yao wote, umuulize taratibu: "Siku ile niliyolia, kwa nini hukuniambia ni wewe?" Ukishauliza, funga mdomo. Usimsaidie kujibu, usicheke kumpunguzia aibu, usimwambie basi yaishe. Akisema alikosea na aliona haya, na ukaona kweli ameumia, mpe nafasi, ndoa nyingi zimepona mambo makubwa kuliko hayo. Akisema alitaka uogope ili ubaki nyumbani, au akawaka hasira kwa sababu tu umeuliza, basi umepata jibu la barua yako yote. Siku hiyo hiyo nenda kalale kwa dada, na mkimaliza kulia mwende pamoja ofisi ya ustawi wa jamii mkaeleze.

Wakati unasubiri Jumapili, simu iwe na chaji, Mama Pacha akupigie akishakuacha na usikate mpaka umefunga mlango. Na nyote wa zamu ya jioni mwende kwa meneja mkadai gari la kuwafikisha nyumbani. Hoteli inayojua kumpeleka mgeni uwanja wa ndege usiku wa manane haiwezi kusema haijui kumrudisha mpiga pasi wake. Mwende wote kwa pamoja, na mwacheni Mama Pacha aongee.

Kuhusu mumeo na usiku wako, mpe njia mbili achague mwenyewe. Aje kwenye geti la hoteli na tochi, atembee ubavuni kwako mkipiga soga mpaka nyumbani, na wale wa kwa kinyozi wacheke wachoke. Au abaki nyumbani, macho, taa ya mlangoni imewashwa, akusubiri. Nyuma yako, hapana. Hata siku moja asirudi huko.

Na nunua chupa nyingine. Ya chai tu.