Kopo la Nzi Upande wa Kibla

Mjukuu wangu Zuhura,

Amani ya Mungu ikufikie huko kazini Afungi. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako ameenda Diaca kuchimba mihogo.

Unauliza kwa nini, tangu utundike mitego ya chambo hapo mnapochinjia kuku, nzi wamezidi mezani, na chefe, mkubwa wenu wa kazi, anasema akiwaona tena atakufukuza. Yalinikuta na mimi usichanani, nikisafisha kuku wa harusi. Nilitoboa kopo, nikatia dagaa waliooza, nikalitundika kusini, nyuma ya mchinjaji, maana niliona haya kuweka uvundo kaskazini, upande wa kibla. Nzi wakajaa kopo, wakajaa na nyama! Nikachanganyikiwa: wanakufa humo au wanazaliana?

Mwalimu Bakari, ndiye aliyekuwa akichinja, akaniuliza, "Binti, upepo unatoka wapi?"

"Kusini."

"Basi harufu inapita juu ya nyama. Nzi wakiifuata, wanaanza na nyama. Lipeleke mbele, kule mbali kwenye ua."

"Kibla, mwalimu?"

"Kwani kuku hawa unawaswalisha?"

Nikacheka, nikalihamisha. Nyama ikabaki safi. Lakini mpaka leo sielewi, mjukuu wangu: haya niliyoionea kibla ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyowaita nzi.

Wewe angalia upepo, uisogeze mitego mbali na nyama, kule upepo unakoelekea. Ikiangukia upande wa kibla, itundike tu, ila useme astaghfirullah mara moja, kwa ajili yangu.

Bibi yako,
Mwanaisha