Usaha Uliopanda Hadi Begani

Jumatano, jioni. Mtopanga leo haina upepo hata wa kuazima. Nimekaa sakafuni, maana ndiyo pekee yenye ubaridi, na viatu bado viko miguuni. Nimechoka.

Asubuhi Rukia aliletwa kliniki nimpige picha ya tumbo. Amejifungua juzijuzi, yumo ndani ya arubaini, na mama mkwe wake, Bi Zainabu, alinitahadharisha hata kabla sijawasha mashine.

"Twataka picha tu, mwanangu. Mzazi halali nje ya nyumba yake kabla ya arubaini."

Nikamfungua mkaja, ile nguo ya kumfunga mzazi tumbo lirudi. Ulifungwa kwa ustadi na kwa mapenzi. Chini yake mwili ulikuwa moto. Tumbo lilikuwa limeanza kumuuma chini, upande wa kulia. Nyumbani wakasema ni chango la uzazi, akakandwa. Sasa analia bega la kulia, na Bi Zainabu amelisugua mafuta mpaka linang'aa.

Bega la namna hiyo hunitia hofu.

Kando ya utumbo mpana, kila upande, kuna nafasi iliyokaa kama mfereji. Wa kushoto umezibwa kwa juu. Wa kulia uko wazi tangu nyonga hadi chini ya ini. Kidole tumbo kikipasuka, usaha hautulii mahali pamoja. Mgonjwa akilala chali, unaufuata mfereji huo kwenda juu, na ukifika kule maumivu hujitokeza begani.

Nikaukagua mfereji wa Rukia. Ulijaa maji mazito mpaka kwenye ini.

Kazi yangu ni kupiga picha, si kubishana na wakwe za watu. Leo nilibishana. Mume wa Rukia, aliyekuja nao, alikuwa anatazama ukuta tu. Nikamwonyesha Bi Zainabu ule weusi wa usaha kwenye kioo, nikaufuata kwa kidole kutoka chini hadi juu.

"Mama, asipopasuliwa leo, utamzika ndani ya hiyo hiyo arubaini."

Si maneno ya kumwambia mtu mzima. Bi Zainabu akamtazama mkwewe, kisha akajitanda kanga na kumpakata mtoto. "Haya. Iteni gari, twende hospitali kisiwani."

Alasiri alinipigia simu. Rukia ametoka kupasuliwa, yu hai, ameomba maji. Nilijifungia chooni, simu ingali sikioni, nikalia. Nilidhani mambo yameishia hapo, ila Bi Zainabu hakukata simu.

"Nambie kweli, mwanangu. Ni mimi niliyemlaza chali siku zote hizo, hata kuketi nikamkataza. Ndiko kulikoupandisha usaha?"

Nikamjibu kwamba kidole tumbo hupasuka chenyewe, wala si yeye aliyekipasua. Akashukuru sana, akaniombea kwa Mola.

Nilimwambia kweli. Lakini hilo silo aliloniuliza.