Kamba ya Landrova

Jumamosi, 21 Agosti 2021

Zamu ya asubuhi imeisha. Nimeoga, nimefua sare, nimevaa ovaroli ya mume wangu, Baba Chero, nimevuka barabara. Ndiyo ratiba yangu siku hizi. Plagi zote nne za landrova nimezitoa na kuzisugua. Zilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri. Jirani yangu Mzee Len alikaa barazani kwenye kiti chake, barakoa kidevuni. Nimemkaripia mpaka akaipandisha. Kazini nauguza wazee wenzake, sitaki kumletea kitu.

Landrova yake imekaa uani miaka sita, tangu mkewe afariki. Ya kijani. Mlango wa kushoto umebonyea, panya wamezaa ndani ya kiti. Naipenda. Baba yangu aliendesha ya aina hiyo hiyo, ya idara ya mifugo, kule nyumbani Kapsabet. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi na spana. Kaka zangu hawakuwa na subira.

Jumapili, 22 Agosti

Ibada kwenye simu. Baada ya amina akanipigia Karen, bintiye Mzee Len. Kibali cha kumhamisha kimetoka. Anakuja kumchukua Jumamosi tarehe 18 Septemba, ampeleke nyumba ya wazee karibu na kwake, huko mashambani. Mzee anaanguka mno. Sina la kubisha. Mara ya mwisho ni mimi niliyemwokota jikoni.

Kuhusu gari: kuna mwenye yadi ya vipuri anayelitaka alikatekate. Mzee anataka kuniuzia mimi. Bei tulishakubaliana. Ila ana sharti lake, lazima litoke langoni kwa injini yake. Nikamwambia mbona tunaweza kulisukuma tu hadi ng'ambo, ni hatua thelathini. Amekataa katakata. Mkewe alitolewa hapa amebebwa, alisema, na yeye karibu atabebwa. Gari litatoka lenyewe.

Lisipowaka kufikia siku hiyo, lori la vipuri linakuja Jumatatu yake. Wiki nne kasoro siku moja. Sikulala mchana kama nilivyopanga.

Jumanne, 24 Agosti

Kafyu ya korona tangu jana. Helikopta ya polisi inatuzunguka huku ughaibuni, mtaani Macquarie Fields, kana kwamba tumeiba kitu.

Baba Chero amerudi kutoka ghala la Smithfield akaniuliza hali ya kopo langu. Hivyo ndivyo anavyoliita gari. "Mama Chero, maiti haichomwi sindano." Chero naye, bila kuinua macho kwenye simu: "Mum, it's dead." Nikawaambia mimi nimehudumia wafu na walio hai, najua tofauti. Nimewanyima chapati wote wawili.

Baadaye nikawapa. Zingekauka.

Jumatano, 1 Septemba

Pampu ya petroli imekubali! Mafuta yanafika kwenye kabureta. Mzee Len amepiga makofi barazani. Chai yake ni mbaya ajabu, maji ya moto na maziwa baridi, na nimekunywa vikombe viwili.

Amenisimulia jinsi walivyovuka jangwa na mkewe, wakalala juu ya paa la gari kwa sababu ya nyoka. Hasemi kwamba anaogopa kuhama. Lakini amenionyesha droo ya misumari mara tatu, akiniuliza nani ataichukua. Nimesema mimi. Ya nini, sijui.

Alhamisi, 2 Septemba

Leo nimetoa distribyuta, kile kikombe kinachogawia plagi moto, nikaisafisha. Nimechomoa na waya zake zote. Sikuzitia alama, nitarudi kesho.

Ijumaa, 3 Septemba

Sitarudi. Ujumbe umeingia saa nne asubuhi. Mwenzangu niliyekunywa naye chai kazini ana korona. Nikae ndani hadi tarehe 17.

Gari si kitu. Jana nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Mzee Len. Nilimpa bisibisi mkononi.

Jumapili, 5 Septemba

Nimejifungia chumba cha mbele. Baba Chero anaacha sahani mlangoni, anabisha mara mbili, anakimbia kama mtoto mtundu. Ninamwona Mzee Len dirishani, ng'ambo. Naye amepimwa. Tunapungiana mikono tu.

Nimeomba kwa lugha zote ninazozijua.

Jumatatu, 6 Septemba

Majibu. Mimi sina. Mzee Len hana. Nimelia kwenye taulo ili Chero asisikie.

Alhamisi, 9 Septemba

Zimebaki siku tisa. Gari limekaa boneti wazi, waya zinaning'inia. Nimejikasirikia. Mtu mzima, binti wa dereva, hata kipande cha plasta ya kutilia alama nilishindwa kubandika.

Jioni Baba Chero ameongea nje ya mlango. Hakuanza na salamu. "Hiyo ovaroli ni yangu. Nipe." Nikauliza ya nini. "Jumamosi sina kazi. Utanielekeza kwa simu." Huyu mtu ambaye akibadilisha balbu lazima tuzime umeme wa nyumba nzima. Nimemwambia asante.

Jumamosi, 11 Septemba

Mimi dirishani, yeye kichwa ndani ya boneti, simu juu ya bampa, Mzee Len barazani akiongea Kiingereza chake, mimi Kiswahili changu, Baba Chero katikati akijibu ndiyo kwa wote. Nilimwambia plagi zinapokea moto kwa mpangilio: moja, tatu, nne, mbili. Baba alinifundisha kabla sijajua kusoma. Moja, tatu, nne, mbili. Akazifunga zote. Akapiga stata.

Mlipuko! Ndege wote wa mtaa waliruka. Moto ulitoka kwenye kabureta, Mzee Len akamwaga chai. Akajaribu tena, mlipuko tena. Mara ya tatu nikapoteza subira. Nilimwambia kwamba hata kuhesabu hadi nne hawezi. Kwa sauti. Dirisha wazi. Alifunga boneti polepole akavuka barabara bila kuniangalia.

Sahani ya jioni ilikuja. Hakubisha.

Jumapili, 12 Septemba

Nimeamka na mkono wa baba. Namaanisha nimekumbuka. Alikuwa akinishika kidole na kukizungusha juu ya distribyuta, moja, tatu, nne, mbili, na kilizunguka kinyume cha mshale wa saa. Kinyume! Baba Chero alizunguka kama mshale wa saa, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, kwa sababu mimi sikumwambia. Hesabu yake ilikuwa sawa. Kosa langu tupu, na nimemtukana mume wa watu mbele ya mtaa.

Nimemwomba radhi kupitia mlango. Akabisha mara mbili. Kisha: "Sema tena nilikuwa sawa." Nikasema. "Mara ya pili, Chero asikie." Nikasema. Mjinga huyu.

Jumanne, 14 Septemba

Baba Chero amevuka kabla ya chakula, amebadilisha nafasi za waya mbili tu. Amepiga stata mara moja, kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikawaka.

Imewaka! Moshi wa bluu ulifunika ua mzima. Mzee Len alisimama bila fimbo, nikapiga kelele akae, hakunisikia. Baba Chero alicheza barabarani na ovaroli yake. Chero aliingia na barakoa hadi mlangoni pangu. "Okay, it's not dead." Nimesikia sauti ile ya baba akirudi nyumbani. Sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana.

Ijumaa, 17 Septemba

Kipimo cha mwisho safi. Nimetoka nje. Nimemkumbatia Baba Chero mpaka akalalamika mbavu. Nimeomba kibali cha siku moja cha kuendesha gari lisilosajiliwa. Mwaka huu hata landrova inahitaji ruhusa ya kutoka nyumbani.

Jumamosi, 18 Septemba

Karen alifika saa tatu. Mizigo ni masanduku mawili. Mzee Len alivaa koti la suti.

Nilimpandisha upande wa abiria, sote wawili barakoa usoni. Madirisha hayafungi, hewa ilikuwepo ya kutosha. Nikaingiza gia, ikapiga yowe, tukatoka langoni kwa injini yake. Hatua thelathini zilionekana chache, nikazunguka mtaa mzima. Mzee Len aliweka kiganja juu ya dashibodi akakiacha hapo.

Kwangu, kabla hajaingia gari la Karen, nilifungua nyuma nikatoa kamba yake ya kuvutia magari, kuukuu, imelowa oili. Nikampa. Kwetu ng'ombe akiuzwa, kamba haiendi na mnunuzi. Hubaki na muuzaji, ili boma lake lisifungwe, apate ng'ombe wengine. Baba hakuwahi kumpa mtu kamba, hata ya ng'ombe wa mwisho. Nilimweleza Mzee Len kwa Kiingereza, nikajiona nasema mambo ya ajabu. Aliiviringisha vizuri, akaiweka mapajani, juu ya suti. Karen akaondoa gari.

Baraza lile ng'ambo. Siwezi kulitazama leo.

Alhamisi, 7 Oktoba

Jumatatu wanatufungulia. Mvua kidogo. Chini ya landrova nimeweka kipande cha boksi, oili inadondoka palepale. Nimeanza kuizoea.

Karen aliandika kwamba wauguzi kule walimnyang'anya kamba. Ni sheria ya usalama. Hata mimi ningeichukua. Nimempigia dada wa zamu, muuguzi kwa muuguzi, nikamweleza. Alisikiliza. Amekata kipande cha shibiri moja, amekifunga kwenye fremu anayotembelea mzee.

Akaniuliza jambo jingine. Mzee Len kila asubuhi anauliza kama amepewa maji. Hawajui anamsema nani.

Nilimwambia aniachie hilo. Nimetoka na birika, nimefungua rejeta ya landrova, nimejaza mpaka juu. Kisha nimemwandikia dada amwambie: amekunywa.