Kiti Chenye Joto

Jumatatu, 8 Julai

Baridi ya kukata masikio. Saa kumi na moja alfajiri Baba mkwe alikuwa tayari bandani, anaipasha moto injini ya pikapu. Dakika ishirini kamili, kama kila siku. Koti lake la enzi za malori, mikono kwenye usukani, anaisikiliza. Eti injini ni kama mzee, haikurupushwi. Nilipofika akashuka — "Kaa, mwanangu, nimekupashia kiti." Na kweli kilikuwa na joto. Sijui muuguzi gani mwingine anaingia wodini asubuhi akiwa anatabasamu.

Jumatano, 10 Julai

Nimepitia kwa fundi kubadilisha oili. Anasema dakika mbili zinatosha, kisha uondoke taratibu. Zaidi ya hapo ni kuchoma petroli bure. Nikamfikishia Baba. Akacheka mpaka akakohoa. Eti fundi yule alijifunza udereva kwenye lori la Baba, na siku ya kwanza akabomoa choo cha jirani. Leo ndiye wa kumfundisha! Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Tukaenda sare.

Ijumaa, 12 Julai

Nilitoka nikakuta milango ya banda imefungwa, yote miwili, na gari linanguruma ndani. Baba kwenye kiti changu, macho nusu wazi, kichwa kimeegemea kioo. Nikafungua, nikazima gari, nikamburuta nje kama gunia.

Moshi ule haukushtui, unakulaza tu. Nimeshawapokea walioletwa wamechelewa. Amewekewa oksijeni hospitalini mpaka saa sita mchana. Daktari anasema dakika kumi zaidi na tungekuwa tunaongea mengine.

Nikamuuliza kwa nini alifunga. Upepo ulikuwa unaingia — kiti kisingeshika joto. Basi nikamfokea. Miaka tisa ndani ya nyumba hii sijawahi kumpandishia sauti. Kisha nikalia, na yeye ndiye akanibembeleza, mpira wa oksijeni puani. Na lile neno la sikio la kufa nililomtania nalo juzi. Laiti ningeweza kulimeza.

Jumamosi, 13 Julai

Mume wangu kapiga simu kutoka kazini kwake, safari ya siku mbili. Nimnyang'anye baba yake ufunguo wa gari, hakuna mjadala. Na ana haki, ni baba yake.

Nilipouomba, Baba akaufuta kwa mkono wa koti, akanipa. Heri angegomba.

Jumapili, 14 Julai

Hakuamka mpaka saa tatu. Chai imepoa mbele yake. Nikamtania kuhusu fundi na choo cha jirani, akaitikia tu "ndiyo, mwanangu". Koti liko msumarini. Mzee amenywea kwa siku moja, na mimi ndiye niliyeuweka ufunguo mfukoni. Nampenda mtu huyu, hilo tu.

Nimemwita seremala.

Jumatatu, 15 Julai

Kioo cha mbele kimeganda. Kiti cha baridi mpaka kwenye mifupa. Gari limezimika mara mbili mikononi mwangu. Nimerudi ndani — Baba yuko dirishani, kavaa koti. Alikuwa anasikiliza.

Nikaweka ufunguo kando ya kikombe chake. Nikamwambia zile kelele za jana jioni zilikuwa za seremala. Ameng'oa milango ya banda, yote miwili, na bawaba zake. Halifungiki tena hata mtu akitaka.

Akageukia dirisha kulitazama banda. Mume wangu sijamwambia. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili na nusu na ninaandika nimesimama, daftari juu ya friji, nisionekane ninamtazama.

Sasa hivi kauliza, bila kugeuka, yule fundi alisema dakika ngapi.

Mbili, Baba.

Anasema tano. Tunabishana, na ufunguo ameshaushika.