Nusu ya Pili Ilikuwa Yetu

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, salamu yenyewe naitoa nikiwa na hasira, na wa kumwambia ni wewe tu.

Juzi tulianua matanga yako hapa Bahi. Mdogo wako, Mjomba Yona, akaja na kinanda na spika za kwaya yake ya Miyuji. Akatangaza kwamba atakuimbia ghani yako ya kupuria mtama, "ila tumeiboresha kidogo." Mama, wameiboresha mpaka imekufa! Ile sauti yako ya kupanda na kushuka tu ameijaza madoido. Hayo ningeyameza. Kilichonichoma ni kwamba alighani nusu ya kwanza ya mstari, sisi wanawake tukavuta pumzi tumjibu, naye akaimalizia mwenyewe. Mstari wa pili vivyo hivyo. Mama Neema, uliyepura naye tangu usichana, akabaki mdomo wazi. Wenzako wote walikaa mkekani kama wageni waalikwa.

Halafu eti akatufundisha kwamba kughani si kuimba, ni kuongea kwa watu wasiojua nota.

Nilikumbuka siku ile uwanjani, vumbi la mtama likiniwasha shingoni, nikalalamika kwamba wimbo wako hauna tuni. Ulicheka sana. "Inua fimbo, ishushe. Umesikia pumzi ilivyotoka? Wimbo ulianzia hapo. Maneno tuliyapakia baadaye." Anayepura kutwa atatoa wapi pumzi ya madoido? Na hukuwahi kumaliza mstari. Nusu ya pili ilikuwa yetu, ili asiwepo wa kuegemea fimbo yake akisikiliza. Aliyechoka, au aliyekuja na jambo moyoni, ulimtaja jina, na safu nzima ikamjibia. Nilipoachika nikarudi kwako, ulinitaja mimi. Sijasahau jinsi fimbo zilivyoshuka pamoja.

Basi nikainuka, nikachomoa waya wa kinanda. Mjomba akafoka, "Wewe mtoto una wazimu?" Labda ninao. Nikachukua fimbo yako ukutani, nikapiga ardhi tupu, maana mtama haukuwepo. Maisha yangu yote sijawahi kukutaja jina, adabu hainiruhusu. Siku hiyo nililitaja.

"Nyemo amechoka..."

Nikanyamaza hapo, kama ulivyokuwa ukifanya. Kisha Mama Neema akapiga mkeka kwa kiganja, na wote wakamfuata: "Fimbo yake tunayo!"

Mjomba hajanisemesha mpaka leo, na mimi sijamwomba radhi. Anasema nilimwaibisha mbele za watu. Yeye aliwanyamazisha wanawake kwenye msiba wa mwenzao, hiyo si aibu?

Mtama ukikauka nitaomba likizo kazini nije uwanjani. Nitaghani kwa sauti hii hii mbovu uliyokuwa ukiitania, na naapa sitamaliza mstari hata mmoja.

Kwaheri, Mama. Lala sasa, umechoka. Fimbo yako tunayo.

Binti yako