Unga Aliokunywa Baba

Mtaa wa Tena, Nairobi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Baba. Kifua chako kimetulia na baridi ya huko? Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu ni ndogo na Baba anasikia kila neno.

Baba alikuwa ameanza kupata nafuu tangu aje huku kutibiwa moyo. Halafu miguu ikavimba tena, akawa halali bila kuinuliwa kwa mito. Mimi nilishuku hospitali. Pale kliniki ya moyo kuna daktari, mwanamke bado kijana, aliyeomba damu ya Baba kwa utafiti. Nikajiambia wamembadilishia vidonge ili wavijaribu kwake.

Siku ya kliniki nilimuuliza daktari ana kwa ana. Hakukasirika. Alimgeukia Baba akataka kujua kama kuna kitu kingine anachotumia. Baba akachezea kifungo cha koti, mwishowe akasema yote. Mama Shiku, jirani wa ghorofa ya chini anayeuza mafuta ya ngozi, alikuwa amemuuzia unga wa kolajeni. Alimwambia unajenga moyo, ila asiuchanganye na dawa za hospitali. Vidonge Baba alikuwa akivitupa chooni.

Daktari alieleza polepole. Kolajeni ni nyuzi zinazoshikilia misuli ya moyo, na Baba hajapungukiwa nazo. Kuna kimeng'enya, kemikali ya mwilini, kinachozifunga pamoja. Kikizidi, moyo unakuwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu. Unga ule hauwezi kuulegeza, alisema, na kilichomrudisha Baba nyuma ni kuacha dawa. Damu anayoomba ni ya kupima kimeng'enya hicho, na Baba ana ruhusa ya kukataa.

"Na dawa ya kukizuia iko wapi?" Baba akauliza.

"Bado hatuna, mzee. Ndiyo tunaitafuta."

"Mama Shiku aliniahidi nitapona," Baba akasema. Kisha akakunja shati, akanyoosha mkono.

Sasa anameza vidonge mbele yangu, na viatu vimeanza kumwingia. Damu ile sijui itafika kwa nani, na nitaendelea kuuliza. Mama Shiku naye siku hizi ananisalimia kwa utamu mwingi mno. Namjibu na kupita.

Lakini lililonishikisha kalamu ni jingine. Tulipokuwa tukirudi nilimlaumu Baba kwa kunificha, naye akasema, "Mama yako alijua. Alisema niendelee." Kwenye simu hujautaja unga huo hata mara moja, ila kila mara uliniuliza kama Baba bado anatumia "vitu vyake". Nilidhani ni vidonge.

Niambie ukweli, Mama. Kama unaziogopa dawa za hospitali, nataka kuijua hofu hiyo kabla sijamrudisha Baba mikononi mwako.

Nisalimie Nyanya, shangazi wa dukani, na kaka yangu aliyebaki na ng'ombe. Barua hii usiwasomee.

Ni mimi mwanao,
Kageha