Baridi za Isansa

Mbangala, Julai 1952. Mwaka wa ishirini na tatu tangu tuondolewe Isansa. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai.

Huko juu Isansa sasa ni majira ya baridi. Huku bondeni watu wana neno hilo moja tu, baridi, na hulitumia kwa maji ya mtungi.

Kiswahili cha vitabuni kina zaidi. Kipo kipupwe, lakini hicho ni cha watu wa pwani, kinawakausha jasho tu. Ipo sakitu, umande ulioganda, neno ambalo hapa sijamsikia mtu akilitaja.

Kinyiha chetu kilikwenda mbali zaidi. Tulikuwa na neno la sakitu inayoyeyuka kabla ng'ombe hawajatoka, na jingine la ile inayokaa mpaka migomba inageuka myeusi. Neno la ukungu unaoingia ndani na kulowesha matandiko. Neno la manyunyu yasiyosikika juu ya paa la nyasi. Mtu akitaja mojawapo asubuhi, nyumba nzima ilijua kazi ya siku: kuchelewesha mifugo, kufunika miche, au kubaki jikoni.

Katika nyumba hii maneno hayo tunayajua wawili, mimi na mke wangu.

Wiki hii homa imembana. Jana mchana alitetemeka, akanitajia ile ya migomba.

"Mama, na jua lote hili, baridi gani?" mkwe wetu akamuuliza.

"Muulize baba mkwe wako. Alikuja kunioa siku ya baridi hiyo, amevaa gunia juu ya shati jipya."

Tulicheka wote. Kisha akasema, "Baba Elia, nirudishe nikafie kwenye baridi yangu."

Shamba la baba yangu sasa ni kahawa ya mzungu. Makaburi ya wazazi wangu yamo ndani ya uzio, na anayetaka kuyaona husimama getini, kofia mkononi, akimngoja mnyapara. Nilisimama hapo mara moja. Nikaambiwa nije siku nyingine, mbwa wamefunguliwa.

Leo kaka wa mke wangu amekuja kumchukua. Yeye bado anakaa Isansa, ng'ambo ya kijito, nje ya uzio.

"Shemeji, twende wote. Nafasi ipo."

Nikamwambia mlango wa nyumba yake unatazama shamba letu. Kila asubuhi nitaufungua nitazame nini?

"Na hicho kiburi chako," mke wangu akasema kutoka kitandani, "nacho tukitafutie jina?"

Hakuna aliyecheka.

Wataondoka alfajiri kwa lori la mahindi. Kule atakuwa na watu wa kusema nao, hata kama ni kwa siku chache. Mimi sitakuwa na wa kumtajia neno hata moja.

Najua ninachokipoteza. Nimekipima usiku na mchana.

Sitarudi Isansa.